Zamu ya Maji Ela Dima

Nairobi,
Mei 14, 1984

Kaka Ibrae,

Asalaam aleikum. Ukiisoma barua hii ujue mzigo umefika, maana nimeishonea ndani ya koti la mzigo wenyewe. Baba amenicheka, akasema hakujua kwamba siku hizi wazee wanatumwa kama vifurushi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari mgeni alimfungua shingo upande wa kushoto, akaufikia ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, akakwangua mafuta yaliyogandamana ndani yake. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakimeguka vipande na kumletea zile dakika za mkono kulegea na ulimi kukataa. Walipokuwa wakikwangua waliubana mshipa na kuipitisha damu kwenye mrija, ili makombo yasipande kwenye ubongo. Nakuandikia haya kwa kirefu kwa sababu mjomba Yattani atakuuliza. Alituambia kisu kikienda shingoni ni cha kuchinja tu. Mwonyeshe mume wa dada yake alivyoshonwa shingo, kisha umwombe aniombe radhi.

Kabla ya kutoka alipigwa picha ya kichwa kwa ile mashine mpya. Daktari ameridhika. Baba anatembea, anaongea, anashika kijiko, na katika wodi yangu hakuna mgonjwa ambaye hakuulizwa ukoo wake na idadi ya mbuzi wa baba yake.

Mwambie mama dawa nyeupe ni asubuhi na jioni, isiachwe hata akijisikia simba. Na wewe nina ombi kwako. Uniandikie kila unaloliona kwake, hata dogo la kipuuzi. Sisi manesi ni watu wa kutaka kujua, ndiyo tabia yetu.

Dada yako,
Sadia


Sericho,
Juni 19, 1984

Sadia dada yangu,

Waaleikum salaam. Mzigo ulifika salama, una vumbi la lori tangu kope hadi kucha. Shangazi Bisharo alimlaza kwake Wabera, pale Isiolo, usiku mmoja, na kesho yake Baba akamkatalia dereva kukaa mbele. Alisema mbele wanakaa wagonjwa.

Hapa mvua imetunyima kabisa. Mito ya mchanga yote imekauka, na watu wa mbali wanahamia kisimani kwetu Ela Dima na mifugo yao, kwa hiyo kisima kimoja sasa kinabeba mzigo wa visima vingi. Wewe umekaa Nairobi hata labda umesahau kazi ya Baba ya aba herega, mgawa zamu, ilivyo. Kila asubuhi watu wanasimama na ng'ombe wao, hakuna anayesogea hata hatua moja, mpaka Baba aseme leo ni zamu ya nani, nani anafuata, na nani arudi nyumbani angoje. Haandiki popote. Zamu zote ziko kichwani mwake, na watu wanalikubali neno lake kwa sababu tangu aanze hajawahi kumpendelea mtu, hata mama akinuna.

Wiki ya kwanza alipumzika, ya pili akachukua fimbo yake akarudi kazini. Mama alilalamika, lakini watu walifurahi. Wakati huu wa ukame hakuna mwingine ambaye wangemwamini.

Umetaka mambo ya kipuuzi, basi lipokee hili. Juzi, katikati ya mchana wa Ramadhani, aliagiza chai akainywa yote, akaomba na ya pili. Mama alipomkumbusha saumu alishtuka kweli. Shehe akasema aliyesahau akala amelishwa na Mwenyezi Mungu, saumu yake ni nzima. Baba akajibu basi Mungu angeongeza sukari. Tulicheka mpaka magharibi.

Mimi kila asubuhi napita naye kisimani kabla ya kwenda shule, kwa kuwa njia ni moja.

Kaka yako,
Ibrae


Nairobi,
Julai 5, 1984

Kaka Ibrae,

Idd njema, ingawa imepita. Habari ya chai sikucheka nayo sana, nisamehe.

Nimekulia huko, kaka. Shule yako iko upande wa machweo na Ela Dima iko upande wa macheo. Tangu lini njia ni moja? Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako wewe umeirefusha hadi imezunguka kijiji kizima.

Niambie ukweli. Anataja majina ya watu bila kusita? Anakumbuka mtu aliyekuja jana? Anarudia swali alilokwisha kujibiwa? Simaanishi kitu kibaya. Nataka tu kujua.

Sadia


Sericho,
Julai 24, 1984

Sadia,

Salaam aleikum. Mkono wake uko sawa. Ulimi wake uko sawa, muulize mama ambaye anagombezwa kila siku. Anatembea kwenda na kurudi kisimani kwa miguu yake.

Napita naye kwa sababu ni baba yangu na nampenda. Hilo nalo ni ugonjwa? Kweli, pengine anachelewa kidogo kulipata jina, na mimi nikiwa karibu namnong'oneza, kama tunavyofanya wote kwa wazee wetu. Hakuna aliyeona. Aule mwenyewe, anayenywesha nasi Ela Dima na ambaye macho yake huona hata kisichokuwepo, hajaona.

Sasa nikuulize mimi. Maswali yako si ya mtu anayetaka tu kujua. Kuna kitu daktari alikuambia? Kama kipo, sema. Ng'ombe wa watu wanakufa hapa, na watu wamesimama kisimani na fimbo mkononi kuanzia alfajiri. Zamu moja ikikosewa, damu itamwagika. Niambie nijue namna ya kujipanga.

Ibrae


Nairobi,
Agosti 6, 1984

Kaka Ibrae,

Hakuna kitu. Mpeni dawa zake kwa wakati, apunguze chumvi na mafuta ya ng'ombe.

Ukiweza kuendelea kuwa karibu naye wakati wa kugawa zamu, endelea. Ni vizuri kwa mzee kuwa na mwanawe.

Sadia


Wabera, Isiolo,
Agosti 30, 1984

Sadia,

Nakuandikia haraka, nikiwa kwa shangazi Bisharo. Walimu wote tuliitwa Isiolo kwa semina ya wakati wa likizo, na ofisi ya elimu haikutaka kusikia habari ya kisima. Semina imekwisha lakini lori la Sericho limevunjika ekseli, na dereva anasema kesho, na jana pia alisema kesho.

Sikutaka kukuambia hili, lakini usingizi umenikimbia. Kabla ya kuondoka nilikaa na Baba nikamrudisha kwenye zamu zote, jina kwa jina. Alizijua vizuri. Alfajiri nikamuuliza tena kwa mzaha, akanitajia za wiki iliyopita, kwa uhakika uleule, bila kusita hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha. Angesita, watu wangemkumbusha. Yeye hajui kwamba hajui.

Mambo ya zamani anayo yote. Atakuambia nani alinyweshwa siku ile nilipozaliwa. Ni jana tu ambayo haikai kichwani mwake.

Nimemwachia mama kazi ya kumnong'oneza, lakini unajua mwanamke hasimami pale zamu zinapogawiwa. Mwombee dereva huyu.

Ibrae


Sericho,
Septemba 8, 1984

Sadia,

Nilichelewa.

Siku mbili kabla sijafika, Baba alisimama kisimani akamwita mjomba Yattani kwanza. Mjomba alikuwa amenyweshwa juzi yake tu. Ilikuwa zamu ya Aule, na ng'ombe wa Aule walikuwa wamevumilia kiu hadi wanayumba. Aule akasema, Mzee Kalicha, umekosea. Baba akamjibu kwa upole kwamba yeye hakosei. Mjomba Yattani akasogeza ng'ombe wake kimya kimya, wakanywa, na maji ya siku ile yakaishia hapo.

Ng'ombe wawili wa Aule walianguka njiani wakirudi, mmoja ana mimba. Jioni wanawe walikuja na fimbo kwa akina mjomba. Mtoto mkubwa wa mjomba alipasuliwa kichwa, lakini yuko hai, namshukuru Mungu.

Sasa unajua watu wanasema nini? Hakuna hata mmoja anayesema Mzee amesahau. Angekosea kwa kumpa mgeni wa kutoka mbali, wangesema amechoka. Lakini amekosea kwa kumpa shemeji yake, na watu walimwona shemeji huyo akiingia bomani kwetu jioni iliyotangulia. Kwa hivyo wanasema Kalicha amewauzia wakwe zake zamu ya watu. Hao ndio waliokuwa wakiapa kwa jina lake.

Wazee wa kisima watakaa mwanzoni mwa Oktoba, wakisharudi wale walio malishoni. Akipatikana na hatia atatozwa ng'ombe, lakini hilo si neno, ng'ombe wenyewe hata hatujui kama watafika Oktoba. Neno ni kwamba atatangazwa. Kisima chochote atakachokwenda, yeye au mimi au watoto wangu, watasema hao ni wa yule aliyekula zamu.

Mimi nilitaka kusimama niseme, Baba ni mgonjwa, ninamnong'oneza tangu Juni. Mama alinishika nguo. Alisema nikisema hivyo wataniuliza mbona nilimwacha mgonjwa agawe maji ya watu wakati wa ukame. Na pia wataniuliza, ugonjwa gani, huyu si amerudi Nairobi amepona? Wewe unalo jibu, Sadia? Nakuuliza mara ya pili.

Ibrae


Sericho,
Septemba 12, 1984

Kwa Sadia, binti yangu.

Mimi Kalicha, baba yako, nasema, na huyu Mwalimu Murithi, anafundisha na Ibrae, anaandika. Nimechagua yeye kwa sababu yeye ni Mmeru. Hana ng'ombe kwa kisima, hana ukoo hapa ya kutetea. Ibrae hajui kama naandika. Ibrae ananiangalia siku hizi kama maziwa imewekwa kwa moto.

Sikiza. Jioni ile Yattani alikuja kwa boma. Hiyo nakumbuka. Alikaa karibu na mlango. Alisema ng'ombe yake imeanza kulala na haiamki, akaniomba nimpe maji kesho, kama ndugu ya mama yako. Alilia. Mtu mzima kama yule kulia si kitu ndogo. Hiyo yote nakumbuka. Sasa, mimi nilimwambia nini? Hapo hakuna kitu. Nachimba hapo kila usiku, napata mchanga tu.

Asubuhi nilisema jina yake. Watu wote wanasema nilisema, basi nilisema. Mimi nataka kujua kitu moja, na hakuna mtu ya kuuliza isipokuwa wewe. Mimi ni mtu amesahau, ama mimi ni mtu amekula zamu ya Aule? Kama ni kusahau, ni sawa, Mungu analeta ugonjwa kwa anayemtaka. Lakini kama nilimhurumia Yattani nikampa, nikasahau baadaye ili nisione aibu, basi mimi si mtu niliyefikiri. Ninaogopa hiyo kuliko kufa. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali.

Wewe uliona picha ya kichwa yangu. Nilikuona. Uliinua kwa dirisha, ukaangalia, halafu ukageuka upesi ukaanza kunicheka juu ya mbuzi. Mimi nimekaa soko ya mifugo tangu sijaota ndevu. Najua vile mtu anageuka akiwa anaficha mnyama mgonjwa.

Sitakugombeza. Niambie tu.

Baba yako,
Kalicha

Dada Sadia, hapa ni mimi Murithi, naongeza langu bila ruhusa. Habari za Nairobi? Nimeandika neno kwa neno, amenikataza kumrekebisha. Alipomaliza alinisalimia kwa mkono kama ndiyo kwanza nimeingia, akaniuliza shule imefunga lini na kama nimekuja kumtafuta Ibrae. Barua ilikuwa bado iko mezani mbele yetu. Nimeona ni haki ulijue hilo.


Nairobi,
Septemba 21, 1984

Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Namwomba Mwalimu Murithi akusomee barua hii mkiwa wawili, polepole, na akurudie mahali popote utakapotaka. Baadaye ukipenda isomwe mbele ya wazee, isomwe. Ukipenda ichomwe, ichomwe. Ni yako.

Kuna kitu kwenye picha. Wakati wa kuukwangua mshipa, pamoja na kinga yote waliyoweka, makombo madogo yalipita yakapanda juu. Yakaziba vijishipa vyembamba sana, na sehemu ndogo ndogo za ubongo zikakosa damu zikafa. Zinaonekana kama vidoa vyeusi. Ni vingi kidogo. Daktari anasema ni kiharusi cha kimya, kwa sababu hakichukui mkono wala mguu wala ulimi, na mgonjwa haumwi popote. Alinionyesha mimi kwa vile nafanya kazi pale. Akasema watu wengi wanaishi navyo bila kujua, na asiyeumwa usimpe ugonjwa. Nikakubali haraka. Hayo ndiyo maneno niliyotaka kuyasikia.

Baba, mimi ndiye niliyekuleta huku. Mama hakutaka, mjomba hakutaka, wewe mwenyewe ulisema acha nife na shingo yangu. Nilikulilia mpaka ukakubali. Usingepasuliwa pengine ungekuwa umelala sasa, huwezi kugeuka. Najua hivyo kwa akili. Lakini nilipoviona vile vidoa niliona kama nimeviweka mimi kwa mkono wangu, na nikaona nikinyamaza havitakuwepo. Ibrae akaniuliza waziwazi. Nikamwambia hakuna kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekuachia aibu ikuumbue wewe badala yangu. Kila nikiwaza ng'ombe wa Aule na kichwa cha mtoto wa mjomba, naichukua barua ya Ibrae naisoma tena.

Ugonjwa wako ni wa kusahau mambo mapya. Hilo nakuapia, na picha ninayo. Lakini swali uliloniuliza hasa, ulimjibu nini mjomba jioni ile, sina jibu lake. Mashine haioni maneno. Nikikuambia kwamba hakika ulikataa, nitakuwa nakudanganya mara ya pili ili nilale vizuri. Nakujua wewe, na ninaamini ulikataa. Hiyo ni imani ya binti yako tu, si habari ya daktari.

Jua pia kwamba barua hii ikisomwa mbele ya watu, hata wakikusafisha jina, hutaishika tena fimbo ya Ela Dima. Nimelia nikiandika sentensi hiyo, lakini sitaificha.

Nimeomba ruhusa ya kuja, matroni amesema hadi Novemba. Nisamehe.

Binti yako,
Sadia


Sericho,
Oktoba 9, 1984

Sadia,

Salaam aleikum. Nilikasirika nawe juma zima. Barua tatu nimeanza nikazichana. Moja ilikuwa nzuri sana, nilikutukana vizuri. Hasira imekwisha jana, kwa sababu utakayoiona, na kwa sababu hata mimi nilinong'ona Juni yote na Julai yote nikajiita mtoto mwema.

Baba alimwambia Murithi asome mbele ya watu wote. Wazee walikaa wiki iliyopita kando ya kisima, karibu na hori, na waliobaki wakasimama na mifugo yao nyuma. Murithi alisoma, mimi nikatafsiri kwa Kiborana kwa wale wasiosikia Kiswahili. Nilipofika kwenye vidoa ikabidi nisimame kwanza, ninywe maji.

Aule hakukubali. Alisema karatasi inavumilia lolote, na aliyeiandika ni binti yake. Alisema, huyu Mzee anakumbuka jina la fahali wa babu yangu, anakumbuka mwaka alionunuliwa, halafu amesahau juzi, na kusahau kwenyewe kukaangukia kwa shemeji yake? Mbona hakusahau kwa faida yangu hata siku moja? Watu wakaguna. Ukweli, Sadia, hata mimi nisingekuwa mwanawe ningeguna. Na mwenye kusema alikuwa amepoteza ng'ombe wawili.

Ndipo Baba akasimama. Hakujitetea. Alisema, Aule ana haki. Alisema binti yangu ameandika ukweli wake, na mwisho wa ukweli huo ni kwamba hajui. Mimi pia sijui. Nimejiuliza usiku na mchana, sikupata jibu. Maji si kitu cha kugawa kwa pengine. Kwa hivyo nihukumuni kama mtu aliyekula zamu, mnitoze na mnitangaze, ili atakayeshika fimbo baada yangu aogope. Akaiweka fimbo chini mbele yao, akabaki amesimama, mikono haijui iende wapi.

Niliwaona wazee wawili wakiangalia miguu yao. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, nikawa nahesabu moyoni tutahamia wapi.

Mjomba Yattani alikuwa amekaa nyuma kabisa, na mtoto wake mwenye kitambaa kichwani. Akainuka. Nilidhani anaondoka. Akaja hadi kwa ile fimbo, akasimama, akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Nilimwomba. Alikataa."

Wakamwambia aseme vizuri. Akasema jioni ile aliingia kwetu, akamlilia Baba ampe maji kwa ajili ya mama, dada yake, na Baba akamwambia, Yattani, nenda nyumbani, zamu yako imepita, ya kesho ni ya Aule, hata ungekuwa mwanangu nisingekupa. Akaondoka na hasira. Asubuhi alikuja kisimani na ng'ombe wake kusimama tu, akitumaini kitabaki kidogo chini ya hori. Baba akamtazama usoni akaliita jina lake. Alisema, nilijua palepale kuna kitu kimeharibika kichwani mwake. Nilimwona anavyoniangalia, kama hatukuonana jana. Ningesema neno moja tu. Lakini ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya maji, na mimi nikanyamaza. Kisha watu wakasema ameniuzia, nikanyamaza tena, kwa maana kama yeye hakukosa basi aliyekosa ni mimi.

Wewe unamjua mjomba. Mtu wa kujibu kabla hujauliza. Sijawahi kumwona amesimama vile.

Baba alimsogelea hadi wakakaribia kugusana. Nikaogopa atampiga, na wazee wakainuka. Akamwambia, sema tena. Mjomba akasema, ulikataa. Akamwambia, sema vile nilivyosema. Mjomba akarudia yote, zamu yako imepita, ya kesho ni ya Aule. Baba akamshika mabega. Alikuwa analia, Sadia, mbele ya watu wote na ng'ombe wao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata mtoto. Akamgeukia Aule akamwambia, umesikia? Nilikataa.

Aule akasema amesikia. Alimpa mkono.

Mjomba ametozwa, naye hakubisha. Fimbo imekwenda kwa mzee mmoja wa ukoo wa Aule, mtu makini, na Baba alimkabidhi mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu kwa ugonjwa. Mama aliniambia tulipofika nyumbani kwamba tungesema mwezi wa sita tungeokoa mengi, nami nikakumbuka kwamba wa kunishika nguo alikuwa yeye. Lakini alisema kwa upole.

Nilidhani hapo ndipo habari inapoishia. Jioni ya siku ileile, baada ya kula, Baba aliniita. Alikuwa amekaa gizani, anasugua vidole. Akaniuliza, Ibrae, wazee watakaa lini? Nikamwambia wamekwisha kukaa. Akaniuliza, na mimi nilimpa Yattani kwa makusudi? Lile neno lililomfurahisha vile mchana halikukaa hata hadi isha. Lakini hofu yake ya tangu Septemba imekaa, sijui imepata wapi nafasi.

Basi nikamweleza. Mjomba alivyosimama, alivyosema, Aule alivyompa mkono. Alisikiliza amefungua mdomo kidogo, na nilipofika kwenye "alikataa" akanishika mkono akasema, rudia hapo. Nikarudia. Akalia tena vilevile, akacheka, akamwita mama aje asikie.

Tangu siku hiyo ananiuliza karibu kila jioni, na kila jioni anaipata habari hiyo mara ya kwanza. Nimekuwa hodari wa kuisimulia, hata sauti ya mjomba naiga. Siku nyingine haulizi. Anakaa tu akiangalia upande wa Ela Dima, nami najua anafikiri yeye ni mwizi. Siku hizo simngoji aniulize. Naenda kukaa karibu naye, namwambia, Baba, ulikataa.

Njoo Novemba. Nataka aisikie na kwako.

Kaka yako,
Ibrae